Goti la Ami

Nilianguka Rabai na pedi za magoti zikiwa vifundoni.

Watu wakiniuliza huwa nawapa nusu ya habari: nilikuwa na kinga, bahati mbaya tu. Na si uongo. Kinga nilikuwa nayo mwilini. Ila moja ilikuwa imekaa juu ya kiatu kama soksi ya mtoto wa chekechea, na ya pili nilikuwa nimeilegeza mkanda mpaka ikawa inacheza kwenye ugoko. Jiwe halikuuliza. Nilitia goti la kulia chini, nikaburuzwa kama hatua tatu hivi, na nilipoinuka nikaona kitu cheupe mahali ambapo hapafai kuonekana kitu cheupe. Nyuzi sita. Wiki mbili nikaswali kwenye kiti, nyuma kabisa, safu moja na wazee. Mzee mmoja akanipisha nafasi kwa heshima, akidhani nina maradhi ya maana.

Mimi nina miaka 26. Chuo niliacha mwaka wa tatu, kwa sababu ambazo nishazieleza kwenye kurasa hizi na sitazirudia. Naandika kwa malipo ya makala moja moja, na Jumapili naendesha baiskeli. Si zile za mwendo kasi za matairi membamba. Yangu ni ya matairi mapana yenye meno, ya kupanda milima, na hapo ndipo watu wa Mji wa Kale huanza kucheka, maana kisiwa hiki hakina mlima. Kilima chetu kikubwa ni Daraja la Nyali. Kwa hivyo inabidi utoke. Alfajiri tunapita Makadara, Mwembe Tayari, Makupa, tunavuka kuingia bara, Changamwe, Miritini, halafu barabara inaanza kukwea hadi Mazeras. Pale tunaacha lami na kushika vijia vya Rabai, katikati ya minazi, mawe na mbuzi. Ndiko Krapf alikohamia mwaka 1846 kujenga misheni yake, na nikifika juu pale huwa najiuliza alipandaje na yale majoho. Tunarudi kisiwani magharibi. Siku nzima juu ya tandiko.

Siku nzima. Hilo ndilo neno lililoniumiza. Zile pedi nilizinunua mitumba Kongowea, shilingi 400, za watoto wa sketi, zenye sahani ngumu ya plastiki mbele na mikanda miwili nyuma. Dukani zilinikaa vizuri. Nilisimama wima, nikagonga goti kwa ngumi, nikasikia ko! ko! nikaridhika. Sikukunja goti hata mara moja. Sasa fikiria: mtu anayekanyaga pedali kwa mwendo wa kawaida anakunja kila goti zaidi ya mara elfu tatu kwa saa. Mpaka Miritini mikanda ilikuwa ishanichubua nyuma ya goti, jasho la Mombasa limeingia ndani na chumvi yake. Mazeras nikazivuta chini. Nikajiambia nitazipandisha wakati wa kuteremka. Nani hukumbuka, ukishaona mteremko?

Basi nikiwa nimelala nyumbani goti limefungwa, swali likanijia ambalo nilidhani ni la mzaha: mimi nilikuwa mzembe, au zile pedi zilikuwa mbaya? Kadiri nilivyozidi kulifikiria ndivyo mzaha ulivyozidi kutoka.

Kwetu jibu liko tayari siku zote. Mzembe ni mtu. Abiria wa bodaboda amekataa helmeti? Mkaidi. Hakuna anayeuliza ile helmeti imepita vichwa vingapi tangu asubuhi, na kwamba dada mwenye mtandio aliotoka kuunyosha anaambiwa atie kichwa ndani ya sponji iliyolowa jasho la wanaume ishirini. Zilipokuja sheria za Michuki mwaka 2004, kila kiti cha matatu kikapata mkanda, na leo mingi kati ya iliyobaki hakuna anayeigusa, kwa kuogopa nguo. Mkanda upo. Sheria ipo. Kinachokosekana ni mtu mmoja aliyekaa chini akafikiria shati jeupe la anayekwenda ofisini.

Wabara hutucheka kwamba sisi Wapwani tunapenda raha. Haya, tunapenda. Lakini nadhani kuna jambo hapa ambalo watu wa kujikaza hawalioni. Raha ya kinga si anasa iliyoongezwa juu ya kinga, kama iliki kwenye chai. Ndiyo kinga yenyewe. Kitu kinachokuumiza saa sita ili kikuokoe sekunde moja, utakivua saa ya tano, na ile sekunde itakuja saa ya sita. Kumlaumu mvaaji peke yake ni kumdai mtu awe shujaa kila dakika ya siku yake. Mimi si shujaa. Walio wengi si mashujaa.

Nikaamua kununua pedi za maana, na hapo nikaingia shule nyingine. Kuna zile za washukaji, wanaopanda na gari na kushuka na baiskeli. Hizo ni ngumu, nzito, zinafunika mpaka ugoko, na mvaaji hazimsumbui kwa sababu hapandi. Halafu kuna za kutwa nzima: mfuko wa kitambaa kinachovutika unaovuta mguuni kama soksi, sponji mbele iliyokatwakatwa ili ikunjike pamoja na goti, nyuma wavu au tundu kabisa ili ngozi ipumue, na utepe wa silikoni ndani ya pindo la juu ili isiteremke. Kipimo huchukuliwi cha goti. Unapima unene wa paja, sentimita kumi hivi juu ya pia ya goti, na mara nyingi unene wa shavu la mguu pia. Ikibana sana, damu inalalamika. Ikilegea, utakuwa mimi wa Rabai. Na ukijaribu, usisimame. Keti, kunja, nyoosha, kunja tena, piga magoti sakafuni, panda ngazi za hiyo duka mpaka mwenyewe akuulize kama u mzima. Ukitoka safari zioshe siku hiyo hiyo kwa maji baridi, uzianike kivulini. Chumvi ya jasho hukausha mpira, na harufu yake, wallahi, itakutoa nyumbani kabla ya kitu kingine.

Kilichonishangaza zaidi ni ile sponji. Ipo aina ambayo Mwingereza Richard Palmer aliibuni mwaka 1999, inaitwa D3O, na siku hizi ziko nyingine za ukoo huo. Ukiibonyeza taratibu kwa kidole inabonyea kama unga wa mahamri. Ukiipiga kwa nguvu ghafla, molekuli zake zinashikana na inakuwa ngumu palepale, halafu inarudi laini. Kwa hivyo unakanyaga pedali mchana kutwa na kitu laini, na jiwe linakutana na kitu kigumu. Upo hata mtihani wake, kipimo cha Ulaya kinachoitwa EN 1621-1, kilichoandikwa kwa ajili ya waendesha pikipiki: chuma kinaangushwa juu ya pedi kwa nishati ya juli 50, na nguvu inayopenya upande wa pili inapimwa. Kwa daraja la kwanza wastani usizidi kilonyutoni 35, kwa la pili usizidi 20.

Angalia vizuri: haisemwi nguvu isipite. Inasemwa ipite kiasi gani. Hapo nililikumbuka neno letu. Kukinga, kwa Kiswahili, ni kuzuia, lakini pia ni kupokea. Mvua ikinyesha tunakinga maji kwa ndoo chini ya paa. Mwombaji anakinga mkono. Yule wa kwanza aliyekiita kifaa hiki kinga hakukosea hata kidogo, kwa sababu pedi haifukuzi pigo. Inalipokea kwa niaba yako, inalitandaza kwenye eneo pana na muda mrefu kidogo, kisha inakukabidhi kilichobaki.

Nilinunua, shilingi 7,200, malipo ya makala mbili na deni dogo kwa rafiki. Na nakiri, Jumapili ya kwanza nilishuka Rabai kwa kasi ambayo sikuwa nikithubutu kabla. Mwaka 1975 mwanauchumi wa Chicago, Sam Peltzman, aliandika kwamba madereva walipowekewa vifaa vya usalama kwenye magari walianza kuendesha kwa ujasiri zaidi, na faida karibu yote ikaliwa humo. Wachumi wamebishana naye tangu hapo. Mimi najua nilichokihisi mguuni. Kile kitambaa kilininong'oneza, "enda, tuko pamoja." Na si kweli kwamba tuko pamoja kila mahali. Sule Kangangi, nahodha wa timu ya Amani, kijana wetu aliyefungua njia ya Waafrika Mashariki kwenye mbio za changarawe, alikufa Agosti 2022 baada ya kuanguka mashindanoni Vermont, Marekani. Hakukuwa na pedi ya goti ambayo ingebadilisha siku ile. Hupita wiki kadhaa sijamkumbuka, halafu naikaza breki mahali pasipo na sababu.

Hapa ndipo makala haya yangeisha kama si Ami.

Ami ni mdogo wake baba. Ndiye aliyenifundisha baiskeli, Barabara ya Ndia Kuu, akinishika tandiko na kukimbia nyuma yangu huku akipiga kelele watu wapishe. Kazi yake ni vigae. Mwenyewe husema "tailisi", na jina lake la mtaani ni hilo hilo. Nyumba za kwetu za kale sakafu zake zilikuwa za mawe ya matumbawe na chokaa juu ya boriti za mikoko, na tangu watu waanze kuzifunika kwa vigae vya kung'aa, Ami hajakosa kibarua. Mji wa Kale, Tudor, Nyali. Miaka 27 yuko magotini. Anapiga magoti juu ya zege kuanzia saa mbili asubuhi, anainuka kula, anapiga tena. Chini ya magoti huweka kipande cha godoro alichokitia ndani ya gunia la mchele.

Jioni moja alinikuta barazani nimezianika pedi zangu. Akaichukua moja, akaibonyezabonyeza.

"Hii bei gani?"

Nikamwambia. Kwa nini sikudanganya sijui.

Akanyamaza kidogo. "Na hizi ni za kuchezea?"

Hakusema kwa ubaya. Ami si mtu wa mafumbo; aliuliza kama anavyouliza bei ya samaki. Lakini nilihisi kama nimevuliwa nguo. Goti lake la kushoto limevimba mbele kama embe dodo, na akiketi kwenye baraza hulinyoosha kwa mikono miwili. Daktari alishamweleza: mbele ya pia ya goti kuna kifuko kidogo chenye majimaji, na kikikandamizwa miaka na miaka kinavimba. Waingereza wa zamani waliuita ugonjwa huu "goti la mjakazi", kwa kuwa waliokuwa nao ni wasichana waliosugua sakafu za mabwana zao. Nimelifikiria sana jina hilo. Walikuwa wanajua. Walijua vya kutosha kuupa ugonjwa jina la mtu anayepiga magoti, na kesho yake sakafu ikasuguliwa vilevile.

Nikampa. Nikamwambia Ami, chukua, una kazi Nyali wiki hii, utaona tofauti. Alikataa mara mbili kama adabu inavyotaka, ya tatu akakubali. Nilijisikia mwema siku tatu.

Siku ya nne akazirudisha, zimefuliwa, zimekunjwa ndani ya mfuko. "Nzuri, mwanangu. Lakini naona godoro langu ni afadhali."

Nilidhani ni heshima tu. Nikazivaa, nikapiga magoti kwenye sakafu ya ukumbi, nikakaa. Dakika kumi. Dakika ishirini. Na nikaelewa. Ile sponji ya ajabu, inayogeuka chuma ikipigwa na jiwe, ukiilalia taratibu inabonyea tu. Inakwisha. Unabaki na goti lako na sakafu, katikati kitambaa cha shilingi 7,200. Imebuniwa kwa pigo la sehemu ndogo ya sekunde. Kwa uzito wa mtu mzima siku nzima, kwa miaka 27, haina habari. Haioni kwamba kuna jambo linatokea.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza kama si sisi sote tumetengenezwa na sponji ya namna hiyo. Mtu akianguka mbele yetu tunakakamaa palepale. Tunakimbia, tunampa maji, tunachanga, tunapiga picha. Mimi nyuzi sita zilinipatia wageni siku nne mfululizo, na mahamri. Goti la Ami limeharibika polepole mbele ya macho ya mtaa mzima, nikiwemo mimi niliyelilalia kichwa utotoni, na hakuna aliyekuja kumpa pole, kwa sababu angekuja siku gani? Hakuna siku aliyoumia. Alipokuwa na miaka 30 liliuma kidogo, akiwa na 40 likauma zaidi. Polepole haina tarehe.

Msinielewe vibaya, sheria ipo. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kinga kwa mfanyakazi aliye hatarini, na ile ya Mafao ya Majeraha ya Kazini ya mwaka huohuo inataja hata maradhi yatokanayo na kazi, si ajali peke yake. Lakini mwajiri wa Ami ni nani? Jumatatu ni mama mwenye nyumba Tudor. Alhamisi ni kontrakta aliyempigia simu na kumlipa kwa M-Pesa jioni. Miaka 27 imegawanyika kwa sakafu mia kadhaa, kila mwenye sakafu amechukua siku tatu nne za goti lile, na hakuna kati yao aliyeliharibu. Nimejaribu kumpata mwenye kosa katika hesabu hii. Nikigawanya nabaki na vipande vidogo mno kuitwa kosa, na nikijumlisha goti limeharibika.

Na kipande changu? Chumba ninachoandikia haya kina vigae. Alivitia Ami. Nilikuwa kidato cha pili, nilimletea chai, nikaruka juu ya miguu yake kuokota mpira.

Kuna wanaosema, na nimesemwa hivyo na rafiki yangu tunayeendesha naye, kwamba nachanganya mambo. Pesa zangu nimezitolea jasho, mchezo ni haki ya mtu, kutonunua kwangu pedi kusingemtibu Ami goti. Yote kweli. Nami sina nia ya kuacha Rabai. Bila ile Jumapili sijui ningekuwa mtu wa namna gani Jumatatu. Ninachokataa ni ule wepesi. Nilisoma vipimo vya kilonyutoni, nikalinganisha pindo na silikoni, nikatumia wiki mbili kuchagua raha ya goti moja ambalo hutembea saa nane kwa wiki kwa hiari yake. Kwa goti la pili, ambalo linatulipia kodi, sikuwahi kutumia hata nusu saa. Si ukatili. Nadhani ni kwamba la Ami nilikuwa nimeshalizoea, na langu lilinishtua.

Siku moja nilimwambia ile habari ya yule Bedui na ngamia, kwamba amfunge kwanza kisha amtegemee Mungu. Ami akacheka mpaka akakohoa. "Mwanangu, mimi hata kamba ya kumfungia sina."

Basi nikatafuta kamba. Nilizunguka maduka ya vifaa vya ujenzi kuanzia Mwembe Tayari, na la nne nikazikuta: pedi za mafundi, nene, pana, jeli ndani na mpira bapa mbele usioteleza wala kukwaruza kigae. Zile zenye sahani ya mviringo zinabingirika, fundi anakuwa kama yuko juu ya chungwa. Hilo alinieleza Ami mwenyewe, nikawa nimejifunza kuuliza kabla ya kununua. Shilingi 1,800. Mkanda wake ni mpana na unakaa chini ya goti, si nyuma yake. Nilizipiga magoti dukani robo saa, mwenye duka akaniletea kiti.

Wiki iliyofuata nikapita kazini kwake, nyumba moja karibu na Fort Jesus, ghorofa ya kwanza. Ami alikuwa magotini juu ya gunia lake lilelile, anagonga kigae kwa mpini wa nyundo akisikiliza kama kuna uwazi chini. Pembeni yake kijana anayemsaidia, ana miaka 19 labda, anakata vigae kwa msumeno, na magotini amevaa zile pedi za jeli.

Nilimwangalia Ami. Hakuinua kichwa.

"Yangu yashakwenda," akasema. "Ya huyu bado." Kisha akamwambia yule kijana aukaze mkanda wa kushoto, umelegea.